Taa ya nje haiwaki, haizimi au inaangusha breka: mwongozo kamili wa kuisaka hitilafu

Taa ya nje haifi kama taa ya sebuleni. Ya sebuleni ikizima unabadilisha globu, mambo yanaendelea. Ya nje inanyeshewa masika na vuli, inachomwa na jua mchana kutwa, na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, Kigamboni, Tanga, Mombasa, Unguja, kuna upepo wa chumvi unaokula skrubu za shaba mpaka zinageuka kijani. Ongeza mjusi aliyejipatia nyumba ya bure ndani ya kioo, sisimizi waliojaza mchanga kwenye holda, na fundi aliyeunga nyaya kwa tepu nyeusi akaondoka zake. Ndiyo maana hitilafu ya nje naitafuta kwa kufuata njia ya maji na kuangalia maungio kwanza, swichi baadaye. Watu wengi wanaanza na swichi kwa sababu iko usawa wa mkono.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba anayejua kushika bisibisi na ana subira. Mwisho wa kazi yako ni pale penye mita. Mita na waya unaotoka nguzoni ni mali ya shirika la umeme, na lakiri yake haiguswi. Kuvuta laini mpya au kubadilisha boksi la breka ni kazi ya fundi mwenye leseni: Tanzania Bara leseni hiyo hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Muulize akuonyeshe, hatakasirika kama anayo.

Kwanza, ua umeme kweli

Swichi ikizimwa, taa inazima. Umeme je? Hapo ndipo watu wanapopigwa. Nilipokuwa bado msaidizi wa fundi, nilipanda ngazi ya mbao Mbagala kubadilisha holda ya taa ya barazani. Swichi niliizima kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipogusa waya nikajikuta chini kwenye rundo la mchanga, ngazi juu yangu. Aliyefunga nyumba ile alipitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi, na waya wa moto (unaouleta) akauacha uende moja kwa moja kwenye taa. Taa ilikuwa inawaka na kuzima vizuri tu miaka yote, huku holda ikiwa na moto usiku na mchana.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke hata kimoja:

1. Zima breka ya taa kwenye boksi la breka. Kama hujui ni ipi, au boksi halijaandikwa, zima meni swichi ya nyumba nzima. Friji haitaharibika kwa nusu saa.
2. Kama una jenereta, inveta au sola iliyounganishwa na nyaya za nyumba, zima nayo. Inveta ina tabia ya kuamka yenyewe umeme ukikatika, na kwake wewe kuzima meni ni sawa na mgao.
3. Bandika karatasi kwenye boksi au tia funguo mfukoni. Watoto wakiona katuni zimezima, mtu ataenda kuwasha.
4. Hakikisha kwa kupima. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme ili ujue kipimo chako kizima, kisha pima kwenye taa, kisha rudi upime tena pale pa mwanzo. Kama umezima meni na hakuna pengine penye umeme, pima soketi moja kabla ya kuzima, na uipime tena ukisharudisha.

Ile bisibisi ya testa yenye kitaa ndani isikudanganye. Inaweza isiwake kwa sababu umevaa kandambili nene na umesimama kwenye ngazi ya mbao, na inaweza kuwaka kwenye waya usio na kazi kwa sababu tu umepita sambamba na waya wenye moto. Nunua multimita, hata ya bei ya wastani, mradi iwe imeandikwa CAT III (daraja la usalama la kipimo) na nyaya zake ziwe hazijachubuka. Usipande ngazi ya alumini kufanya kazi hii, na usiifanye ardhi ikiwa imelowa.

Tazama ugonjwa kabla ya kufungua

Dakika tano za kuangalia zinaokoa saa mbili za kufungua. Taa moja tu haiwaki, au zote za nje? Kama ni zote, hitilafu iko nyuma, kwenye breka au kwenye kiungio cha kwanza ambapo laini ya nje inatoka ndani. Kama ni kuanzia taa ya tatu kwenda mbele, fungua taa ya pili, maana maungio ya kwenda ya tatu mara nyingi yamo humo. Inakufa mvua ikinyesha tu na kufufuka jua likitoka? Ni maji. Inapepesa upepo ukivuma? Kuna waya umelegea. Inapepesa saa moja hadi saa nne usiku, pamoja na taa za ndani, mtaa mzima ukiwa unapika na kupiga pasi? Hiyo ni volti ndogo ya mtaa, usifungue kitu, ripoti kwa shirika la umeme. Lakini kama taa za nyumba moja zinang'aa kupita kiasi na nyingine kufifia kwa wakati mmoja, zima meni swichi palepale na uite fundi au shirika: nyutro ya nyumba huenda imelegea au imekatika, na televisheni ndiyo itakayokufa kwanza.

Globu na holda

Toa globu, ijaribu kwenye taa ya ndani unayojua ni nzima. Usiseme "nimeinunua juzi". Globu za LED za bei rahisi hufa haraka ndani ya kioo kilichofungwa, kwa sababu joto halina pa kutokea na ni joto linaloua ile saketi ndogo iliyo kwenye kitako.

Globu ikiwa nzima, zima breka, pima, kisha tazama ndani ya holda. Kwenye holda ya pini utaona vinundu viwili vya springi; vibonyeze kwa ncha ya bisibisi, vinapaswa kurudi. Kikikwama, badilisha holda, usihangaike kukinyoosha. Kwenye holda ya kuzungusha kuna ulimi wa bati katikati. Watu wanakaza globu mpaka ulimi unalala na kuacha kugusa. Unaweza kuuinua kidogo, milimita mbili tatu, umeme ukiwa umekatwa. Hapohapo kagua jambo moja: waya wa moto uende kwenye ulimi wa katikati na nyutro kwenye ule mzunguko wa skrubu. Zikiwa zimegeuzwa taa itawaka tu, lakini siku utakayobadilisha globu vidole vyako vitagusa chuma chenye moto.

Ukiona ukijani, unga mweupe, au plastiki iliyoungua rangi ya kahawia, holda hiyo imekwisha. Kata waya nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki hata ukiibana vipi. Itapata joto, italegea, utarudi juu ya ngazi baada ya miezi mitatu.

Vipimo vitatu vinavyosema ukweli

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Sehemu hii inapimwa umeme ukiwepo, kwa hiyo kama mkono wako una wasiwasi mwachie fundi. Weka multimita kwenye volti za AC, masafa ya juu ya 230 (mara nyingi 600 au 750). Swichi ya taa iwe imewashwa. Shika nyaya za kipimo kwenye plastiki, sio kwenye chuma.

Pima kati ya waya wa moto na nyutro kwenye holda. Kisha moto na erthi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kisha nyutro na erthi.

Ukipata karibu 230 kwenye moto na nyutro, umeme umefika: tatizo ni holda au globu. Ukipata sifuri kwenye moto na nyutro, lakini 230 kwenye moto na erthi, waya wa moto ni mzima na nyutro imekatika mahali. Hii ndiyo hitilafu inayowachosha mafundi wachanga, kwa sababu testa inawaka, wanasema "umeme upo", wanabadilisha globu tatu, na taa bado giza. Nyutro hukatika zaidi kwenye kiungio kilichopo kwenye boksi la maungio au ndani ya taa iliyotangulia. Ukipata sifuri kote, waya wa moto haujafika. Rudi kwenye swichi. Na ukipata namba za ajabu kama 60 au 110, zinazoyumba, mara nyingi huo ni umeme wa kuvizia: waya umekatika, ila unaokota kidogo kutoka waya wa jirani ndani ya paipu. Multimita ya dijiti ni nyepesi mno kuhisi, inauona. Uchukulie kama waya uliokatika, lakini uuguse kama waya wenye moto.

Rangi zisikupe uhakika. Nyumba nyingi zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa erthi. Nyingine zina kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano. Nyumba zilizoongezewa chumba baada ya chumba zina vyote. Tena waya mweusi au wa bluu unaorudi kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa si nyutro hata kidogo, ni moto uliopita swichini. Ukiukuta, uzungushie tepu nyekundu ili ajaye asiumie.

Swichi

Swichi mbovu hujitambulisha: inachemka, inanuka plastiki, inapiga cheche unayoisikia, au lazima uibonyeze upande fulani kwa kidole. Kata umeme, ifungue, vuta kila waya kidogo. Unaochomoka ndio ugonjwa. Ukiwa bado umekata umeme, toa nyaya zote mbili, weka multimita kwenye mlio wa mwendelezo, gusa vichwa viwili vya swichi: ilie ikiwashwa, inyamaze ikizimwa. Isiponyamaza, vidole vyake vya ndani vimegandana, na hiyo ndiyo sababu taa yako haizimi.

Swichi ikiwa nje, kwa mfano ukutani karibu na mlango wa jiko, isiwe ile ya kawaida ya ndani. Itafutie yenye mpira na kifuniko.

Kuna mama mmoja aliniita akasema, "Fundi, hii taa ina jini. Nikiizima usiku inabaki inang'aa kidogo." Nilimjibu kwamba jini huyo namfahamu, jina lake nyutro. Taa ya LED inahitaji umeme kiduchu kutoa mwanga hafifu. Ikiwa swichi inakata nyutro badala ya moto, kama ile ya Mbagala, kiasi kidogo huvuja kwenda ardhini kupitia unyevu na mwili wa taa, na LED inang'aa. Zima breka, badilisha ili waya wa moto ndio upite kwenye swichi. Ikiwa swichi tayari inakata moto lakini ina kile kitaa chekundu cha kuonekana gizani, kitaa hicho ndicho kinachopitisha umeme kidogo. Weka swichi isiyo nacho. Na kama laini ya taa ni ndefu, inapita sambamba na nyaya nyingine mpaka getini, mwanga hafifu unaweza kuwa ule umeme wa kuvizia tu. Huo hauhatarishi, unaudhi. Fundi anaweza kuuondoa kwa kufunga kapasita ndogo maalumu kwenye taa.

Kuna pia zile swichi mbili zinazowasha taa moja, moja sebuleni na nyingine karibu na geti. Kila moja ina vichwa vitatu. Kimoja huandikwa COM au C, na vile viwili L1 na L2. Umeme unaingia COM ya swichi ya kwanza na kutokea COM ya swichi ya pili kwenda kwenye taa. Kati yao kuna nyaya mbili za L1 na L2. Taa ikitii swichi ya pili pale tu ya kwanza inapokuwa upande fulani, mtu alibadilisha swichi moja akaweka waya wa COM pasipo pake. Usisogeze nyaya kwa kubahatisha. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, weka alama ya tepu kwenye waya wa COM, kisha anza.

Fotoseli na sensa ya mwendo

Fotoseli ndogo inayowasha taa jioni ina nyaya tatu. Nyingi zinazouzwa kwetu zina nyeusi kwa moto unaoingia, nyekundu kwa moto unaokwenda kwenye taa, na nyeupe kwa nyutro. Soma mchoro uliochapwa kwenye mwili wake, kwa sababu rangi hizi hazihusiani na rangi za nyaya za nyumba yako, na kuna aina nyingine kabisa.

Ili kuijaribu mchana, ifunike kwa mfuko mweusi na usubiri dakika mbili. Imetengenezwa ichelewe makusudi, isije ikazima kila radi inapomulika. Taa ikiwaka na kuzima usiku kucha, fotoseli inamulikwa na taa yake yenyewe. Igeuze itazame upande mwingine. Ikiwaka mchana kutwa, ama imefunikwa na vumbi na utando wa buibui, au swichi yake ya ndani imegandana, na hapo dawa ni kununua nyingine. Usiiache hivyo ukasema ni globu tu: taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 inakula uniti 0.6 kwa usiku, yaani 18 kwa mwezi. Ikiwaka saa 24, ni 36. Kwa mtu wa D1, yaani ile bei ya watumiaji wadogo Tanzania, mwenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya mgawo wake, na nusu ya hiyo inaangaza ukuta mchana.

Sensa ya mwendo huona joto linalosogea. Paka, gari linalopita na hewa ya moto kutoka kwenye kiyoyozi vyote vinaiwasha. Kabla ya kuilaumu, zungusha vile vitufe vitatu vilivyo chini yake: LUX ni giza kiasi gani ianze kazi, TIME ni muda wa kubaki imewaka, SENS ni umbali wa kuona. Nimekuta nyingi "zilizokufa" ambazo LUX yake ilikuwa imewekwa vibaya tu.

Mvua inapoangusha breka

Tofautisha kwanza ni ipi imeanguka. Breka ndogo ya taa, ya ampia 6 au 10, ikiruka papo hapo kila ukiiwasha, ni shoti: moto umegusana na nyutro au erthi. Ile pana yenye kitufe cha T ni RCD. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata. Ikianguka mvua ikinyesha, kuna mahali umeme unavuja kupitia maji. Usiifunge kwa kuiruka, kama nilivyoona mtu amefanya kwa kipande cha waya. RCD ile ndiyo inayosimama kati ya mtoto wako na nguzo ya taa iliyolowa.

Zima breka zote ndogo, inua RCD, kisha washa moja moja, taa za nje mwisho. Ikianguka kwa hiyo, umepata laini. Jihadhari na mtego mmoja: breka ndogo hukata waya wa moto peke yake. Kama ni nyutro iliyogusa erthi kwenye taa yenye maji, RCD inaweza kuanguka hata breka ya taa ikiwa imezimwa, pale friji au pasi inapovuta umeme. Hapo fundi atalazimika kuchomoa nyutro ya laini ya nje kwenye boksi ili kuthibitisha.

Ukishaijua laini, kata umeme na igawe katikati. Fungua taa ya kati, tenganisha nyaya zinazoendelea mbele, zitenge kwa konekta, rudisha umeme. Ikishika, ubovu uko mbele; isiposhika, uko nyuma. Kwa taa nane unafika mahali penyewe kwa mara tatu. Multimita yako kwenye omu haitakusaidia sana hapa, betri yake ni dhaifu kuliko unyevu. Fundi mwenye mega, kile kipimo cha uvujaji wa waya, atapima kwa volti 500 za DC, na laini nzima inatakiwa ionyeshe megaomu 1 au zaidi. Aondoe kwanza globu za LED, fotoseli na sensa, vinginevyo kipimo hicho kinaziua.

Kwa uzoefu wangu maji hukutwa kwenye taa za juu ya nguzo za geti, ambako waya umeingilia juu na maji yakaufuata, au kwenye kiungio kilichozikwa ardhini ndani ya mfuko wa plastiki. Kiungio cha hivyo usikikarabati. Waya wa kwenda getini uwe mmoja bila kiungio, wa kuzikwa, wenye kinga ya chuma au ndani ya paipu, kina cha kama nusu mita au zaidi ili jembe lisiufikie.

Kuirudisha isiharibike tena

Waya wa taa uwe wa milimita za mraba 1.5. Maungio yawe kwenye konekta ndani ya boksi, si tepu. Waya uingie kwenye taa kutoka chini, na kabla ya kuingia uache ulegee kidogo kama kitanzi ili maji yadondokee hapo. Taa iliyo chini ya paa la baraza inatosha ikiwa IP44, inayovumilia maji ya kurukia; iliyo wazi kwenye mvua iwe IP65. Paka silikoni juu na ubavuni pale taa inapokutana na ukuta, lakini chini acha wazi. Ukiziba pande zote, unyevu unaotokana na joto la mchana na baridi ya usiku unabaki ndani, na taa inakuwa bakuli.

Taa za chuma lazima ziwe na erthi. Ukikuta waya wa erthi umekatwa na kukunjwa nyuma "kwa sababu hauna kazi", urudishe kwenye skrubu yake kabla ya kufunga kioo.

Kisha chukua mpira wa bustani, mwagia taa maji kama mvua ya upepo kwa dakika kumi bila kuigusa, breka ikiwa imewashwa. RCD ikitulia, subiri usiku uone kama zote zinawaka. Andika jina la laini kwenye boksi la breka kwa kalamu isiyofutika, "TAA ZA NJE". Na ukimwona mjusi kwenye kioo wiki ijayo, angalia alipoingilia, maana maji nayo yatapita hapohapo.